Sungura wangu anasaga meno: amefurahi au anaumwa?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda vizuri. Nasoma safu hii siku zote, ila leo ndiyo mara ya kwanza kuandika.

Nina sungura dume, jina lake Pamba, ana miaka miwili na ushei. Tunamfuga ndani ya nyumba, mimi na mdogo wangu wa kiume aliye darasa la tano. Usiku analala kizimbani, mchana tunamfungulia azunguke sebuleni. Tunampenda sana, lakini nakiri simwelewi. Muda mwingi yuko kimya, na zile sauti chache anazotoa sijui ana maana gani.

Usiku mwingine anapiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo, puu, puu, mpaka tunaamka. Nikiingiza mkono kizimbani kumwekea chakula, anaguna na kunirukia kwa makucha, na huyo huyo akiwa nje ni mpole kabisa. Akifunguliwa, ananizunguka miguuni huku akitoa sauti nzito puani.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Niliambiwa sungura akisaga meno ujue ameridhika, na kweli nikimpapasa paji la uso huwa nasikia meno yakisagana polepole. Sasa tangu jana jioni anasaga meno bila kuguswa na mtu, tena kwa nguvu, nasikia hata nikiwa upande wa pili wa chumba. Nikadhani ana raha. Lakini asubuhi nimekuta chakula cha usiku hakijaguswa. Nimempa giligilani, ambayo kwa kawaida hunipokonya mkononi, ameinusa akageuza uso. Amejikunyata pembeni, mgongo umepinda, macho yamefumba nusu. Mara ananyanyuka, anajinyoosha na kubana tumbo sakafuni, kisha anarudi pale pale. Kinyesi nilichokuta ni vipunje vidogo vikavu, vingine vimeunganishwa na nywele.

Jirani mmoja anasema nimpe robo ya kidonge cha amoksilini kilichobaki nilipougua koo. Mwingine anasema nimwache tu, sungura hufunga siku moja moja ili kupumzisha tumbo. Chakula chake ni vile vya vidonge vya dukani, karoti, na mkate kidogo. Nyasi kavu nilimwekea zamani akawa anazilalia, nikaacha.

Na jambo la mwisho: mdogo wangu ana mchezo wa kumgeuza Pamba chali mapajani. Pamba hutulia tuli, na mdogo wangu anasema amelala. Ni sawa?

Naomba msaada wako.

Msomaji mwenye wasiwasi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wengine wajue kwanza kwamba barua hii haikusubiri zamu yake. Niliposoma kuhusu giligilani iliyokataliwa na vile vipunje vya kinyesi, nilimpigia mwandishi simu papo hapo. Nilimwambia mambo mawili: asimpe kidonge chochote, na ampeleke Pamba kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Alifanya hivyo. Daktari alikuta gego moja limeota ncha kali inayochoma ulimi, na utumbo umepoteza mwendo. Pamba alipewa dawa ya maumivu, akaongezewa maji chini ya ngozi, akalishwa uji maalumu wa nyasi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na alipopata nguvu akalazwa kwa nusukaputi ili jino lisawazishwe. Yuko nyumbani sasa na anakula. Nimeomba ruhusa ya kuichapisha barua hii kwa sababu walezi wengi wa sungura wako hapo hapo alipokuwa huyu binti: wanasikia sauti, wanaifasiri kwa raha, kumbe mnyama anaumwa.

Tuanze na meno. Uliyeambiwa kwamba kusaga meno ni dalili ya kuridhika hukudanganywa, ila uliambiwa nusu. Kuna kusaga kwa aina mbili. Ule wa raha ni mwepesi na wa haraka. Huusikii vizuri mpaka uwe karibu, na mara nyingi unauhisi kwa vidole kwenye taya kuliko kuusikia. Unakuja wakati unampapasa, mwili wake umelegea, amejilaza au amekaa ametandaza miguu, na ukiondoa mkono anakusukuma kwa pua akidai uendelee. Ule wa maumivu ni mzito, wa kukwaruza, unakuja kwa vipindi, na unasikika mbali. Hauhitaji mkono wa mtu. Mwili wake unakuwa umekaza, amejikunja, macho yamefumba nusu au yametoka, masikio yamelala nyuma. Pamba alikuwa na mengi ya haya, na wewe uliyaandika barua nzima bila kujua kwamba ulikuwa umeshajibu swali lako.

Hapo ndipo ninapotaka kila mfugaji wa sungura ashike. Sauti ya sungura peke yake haikuambii kitu cha kutegemea. Isome pamoja na mkao wa mwili, sahani ya chakula, na kinyesi. Sungura ni mnyama anayewindwa. Porini, anayeonyesha udhaifu ndiye anayechaguliwa na mwindaji, kwa hiyo ameumbwa kuficha maumivu mpaka asipoweza tena. Siku unapoona waziwazi kwamba ni mgonjwa, mara nyingi ugonjwa una siku kadhaa tayari. Kinyesi ndicho kinachotangulia kusema.

Basi tukikague. Sungura mzima hutoa vidonge vya kinyesi kwa mamia kwa siku moja. Vinakuwa vya mviringo, vinalingana ukubwa, vikavu kwa nje, na ukivibonyeza vinavunjika na kuonyesha nyuzinyuzi za nyasi ndani. Vikianza kupungua ukubwa, kupungua idadi, au kuwa na maumbo tofauti tofauti, utumbo umeanza kulegea. Vikiunganishwa na nywele, sungura anameza nywele wakati wa kujilamba kuliko anavyokula nyasi za kuzisukuma. Visipoonekana kabisa kwa nusu siku, hiyo ni dharura. Kuna kinyesi cha aina ya pili ambacho huwatia watu hofu bure: ni laini, cheusi, kinang'aa, kina harufu kali, na hutoka kwa vishada. Hicho sungura hukila mwenyewe moja kwa moja kinapotoka, kwa sababu kina vitamini na protini vilivyotengenezwa na bakteria wa utumbo wake. Kwa kawaida hutakiona. Ukianza kukikuta kimetapakaa au kimeganda makalioni, ama chakula kina sukari na wanga kupita kiasi, ama sungura ni mnene au ana maumivu ya mgongo na hawezi kujikunja kukifikia.

Sasa huyo jirani aliyesema sungura hufunga. Nina hakika alikusudia mema, lakini ushauri wake unaua. Sungura hafungi. Utumbo wake umeundwa kupitisha nyuzinyuzi usiku na mchana, na hizo nyuzinyuzi ndizo zinazousukuma ufanye kazi. Akiacha kula, iwe ni kwa sababu ya jino, hofu, joto, au maumivu mengine yoyote, utumbo unapunguza mwendo. Chakula kilichomo kinakauka na kushikamana, gesi inajaa, tumbo linauma, na kwa kuwa linauma anazidi kukataa kula. Hawezi kutapika, maumbile yake hayamruhusu, kwa hiyo kilichoingia hakina njia nyingine ya kutokea. Wakati huo huo mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake ili kupata nguvu, na mafuta hayo yanalemea ini. Ndiyo maana madaktari wanasema sungura asiyekula kwa saa 10 hadi 12 apelekwe akaonwe, hata kama anaonekana anatembea. Hata kabla ya upasuaji sungura hanyimwi chakula kama anavyonyimwa mbwa au paka; ukiambiwa umfungishe usiku kucha, uliza tena.

Wakati unatafuta usafiri wa kwenda kwa daktari, mshike masikio. Yakiwa ya baridi kuliko kawaida, joto la mwili limeshuka. Sungura mzima ana joto la nyuzi 38.5 hadi 40 hivi; likishuka chini ya 38 hali ni mbaya. Mfungie kitambaa, mwekee chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa taulo, na umwachie nafasi ya kusogea mbali nayo akitaka. Weka nyasi na maji karibu naye, na majani mabichi anayoyapenda. Usimlazimishe kumeza chochote ikiwa tumbo limevimba na kukaza, kwa sababu huenda kuna kizuizi ndani. Usimpe mafuta ya kula wala dawa ya tumbo ya binadamu. Kama ana mwenzake, waende pamoja kwenye boksi moja, maana sungura aliyetenganishwa na mwenzake akiwa mgonjwa huzidi kuogopa na kukataa chakula.

Kuhusu amoksilini, naomba nisikike vizuri. Dawa hiyo ikipitia mdomoni ni hatari kwa sungura. Vivyo hivyo ampisilini, penisilini ya kumeza, klindamaisini na linkomaisini. Ndani ya utumbo wa sungura kuna mfuko mkubwa ambamo bakteria wema huchachusha nyasi. Dawa hizi zinawaua wema na kuwaacha wabaya wa jamii ya Clostridium wakiongezeka na kutoa sumu. Sungura anaharisha na kufa katika muda wa siku chache, na mlezi anabaki akidhani ugonjwa ndio uliomuua. Zipo antibiotiki zinazomfaa, na daktari anazijua. Hali kadhalika dawa ya viroboto yenye fipronili, ambayo hutumika kwa mbwa na paka: usimpake sungura kamwe.

Chanzo cha gego la Pamba kiko kwenye sahani yake. Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Ya mbele hukua takriban milimita 2 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi kwa kusaga kutoka upande hadi upande, saa nyingi kila siku. Chakula cha vidonge hupondwa kwa kutafuna mara chache kikamezwa, karoti nayo ni ya kukata kwa meno ya mbele. Magego yanabaki bila kazi, yanarefuka, yanaota ncha zinazochana ulimi na mashavu. Mizizi nayo inasukumwa nyuma, na inaweza kuziba njia ya machozi. Ndiyo maana jicho linalotoa machozi kila wakati kwa sungura huwa mara nyingi ni tatizo la jino. Dalili nyingine za meno ni kidevu chenye unyevu, kuchagua vyakula laini, au kuendea sahani kwa hamu, kuokota kitu, kisha kukiangusha. Hiyo ya mwisho watu huichukulia kuwa maringo, kumbe anataka kula na hawezi.

Kwa hiyo nyasi kavu zirudi, na ziwe nyingi kuliko chakula kingine chochote. Zaidi ya robo tatu ya anachokula kwa siku iwe ni nyasi. Ulisema alikuwa anazilalia. Sungura wengi hupenda kula huku wakijisaidia, kwa hiyo weka nyasi pembeni ya pale anapotumia kama choo, kwenye kichanja au wavu wa kuning'iniza karibu na mdomo wake. Jaribu nyasi za aina nyingine, zenye harufu nzuri na rangi ya kijani, zisizo na vumbi wala ukungu. Chakula cha vidonge kipunguze polepole kwa wiki kadhaa mpaka kisizidi gramu 25 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Majani mabichi mpe kila siku. Karoti ni kitamu cha mara moja moja, kipande kidogo. Mkate acha kabisa.

Nije kwenye zile sauti nyingine, ambazo nina furaha kusema ni za sungura mzima.

Kishindo cha mguu wa nyuma ni kengele ya hatari. Porini sungura hupiga ardhi ili wenzake walio ndani ya mashimo wahisi mtikisiko na wajifiche. Usiku Pamba anasikia panya darini au paka nje ya dirisha, vitu ambavyo wewe uliyelala huvisikii. Usimkaripie, washa taa, angalia kama kuna kitu, zungumza naye kwa sauti ya chini. Mwekee ndani ya kizimba boksi la kujificha lenye milango miwili, maana sungura mwenye pa kukimbilia hutulia kwa urahisi. Akipiga mara moja mbili na kurudi kwenye nyasi zake, yamekwisha. Wengine hupiga pia wakiudhika, kwa mfano umemrudisha kizimbani kabla hajaridhika na kucheza.

Kuguna na kukurukia mkono kizimbani ni kulinda nyumba yake. Yako mawili hapo. Kwanza, kizimba ni chake, na mkono unaoingia bila hodi ni mvamizi. Pili, macho ya sungura yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote na hata juu, lakini hapo mbele ya pua na chini ya kidevu haoni. Mkono unaokuja moja kwa moja usoni unampotea machoni, halafu unamtokea ghafla. Mwite kwanza, leta mkono kutoka ubavuni ukiwa juu kidogo ya usawa wa macho, gusa paji la uso. Kufagia na kubadilisha matandiko fanya akiwa nje. Ila sungura ambaye hajawahi kuguna, akianza kuguna na kung'ata ghafla, nashuku maumivu kabla sijashuku tabia.

Kukuzunguka miguuni huku akitoa sauti nzito puani ni uchumba. Pamba ni dume lisilohasiwa na amekuchagua wewe. Hana ubaya, ingawa anaweza kufuatisha kwa kupanda mguu wako au kukurushia mkojo. Kuhasi hupunguza hayo kwa kiasi kikubwa, na humwezesha kuishi na jike bila watoto. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine mara tu baada ya kuzaa. Wenye majike nawasihi waongee na daktari kuhusu kuondoa kizazi wakiwa bado vijana, kwa sababu saratani ya mfuko wa uzazi huwapata sana majike wasiofanyiwa upasuaji huo, hasa wakishapita miaka minne. Jike anayejing'oa manyoya ya kifua na kubeba nyasi mdomoni anajenga kiota, na anaweza kufanya hivyo hata bila mimba ya kweli.

Kuna sauti moja ambayo natumaini hutaisikia: yowe. Ni kali, ya juu, na sungura huitoa akiwa katika hofu ya kufa au maumivu makubwa. Ukiisikia, acha unachofanya umwendee.

Na zipo ishara za furaha ambazo hazina sauti kabisa. Pamba akikimbia kisha akaruka juu na kujipinda hewani, kichwa upande huu na miguu upande ule, amejaa raha. Akijitupa ubavu ghafla, puu, akabaki amelala macho yametulia, amestarehe. Wapo waliompigia daktari simu wakidhani amekufa. Tofauti ni kwamba wa raha huinuka ukimwita au ukitikisa sahani, na mgonjwa hainuki. Akisugua kidevu kwenye kiti au kwenye kiatu chako anaacha harufu ya tezi zilizo chini ya kidevu, anasema hiki ni changu. Akikulamba mkono, amekupokea.

Mwenzangu, mazoea ninayotaka uyaanze ni haya. Kila siku, unapobadilisha nyasi, tazama choo chake na uhakikishe amekuja kula. Mara moja kwa wiki mpime kwenye mizani na uandike. Akipungua asilimia 10 ya uzito bila sababu, usisubiri dalili nyingine. Siku hiyo hiyo ya mizani mkague. Geuza miguu ya mbele uangalie upande wa ndani: manyoya yaliyoganda na kushikamana hapo yanaonyesha amekuwa akijifuta pua inayotoa majimaji, na mafua ya sungura, ambayo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, yanaweza kushuka mapafuni. Chungulia masikioni: magamba ya kahawia ni utitiri, na humwasha mpaka akajichana. Angalia nyayo za nyuma kama zimekatika manyoya na kuwa nyekundu. Sakafu ya waya ndiyo inayozila. Kisha inua mkia. Makalio yenye mkojo au kinyesi humwita nzi, mayai yake huanguliwa chini ya siku moja, na funza hula nyama ya mnyama aliye hai. Wakati wa joto kagua hapo asubuhi na jioni.

Mkojo mwekundu hushtua, na mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Damu huonekana kama michirizi au matone ndani ya mkojo wa rangi ya kawaida, na sungura hujikaza akikojoa. Mkojo mweupe kiasi nao si ajabu, kwa kuwa sungura hutoa kalisi ya ziada kwa njia hiyo, ila ukiwa mzito unaoacha tope, apelekwe.

Yapo machache ambayo hayangoji hata saa moja. Sungura anayepumua kwa mdomo, maana kwa kawaida hupumua kwa pua tu. Aliyepinda kichwa upande mmoja na kuanguka akizunguka. Huenda ni sikio la ndani, huenda ni kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, na akiwahiwa wengi hupata nafuu. Aliyelala kwa joto akihema, masikio ya moto: sungura hatoi jasho la kumpoza, na joto la hewa likipita nyuzi 30 anaweza kuzidiwa. Mpeleke kivulini, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, usimtumbukize kwenye maji ya baridi, na uondoke naye. Muulize daktari pia kuhusu chanjo ya ugonjwa wa kuvuja damu wa sungura, uliotambuliwa China mwaka 1984 na kuenea duniani. Unaweza kumuua sungura bila dalili yoyote kuonekana kabla.

Sasa mdogo wako. Mwambie kwa upole, kwa sababu anampenda Pamba na hakujua. Sungura anayetulia akiwa chali hajalala. Ameganda kwa hofu, jinsi windo linavyoganda likikamatwa kwa matumaini kwamba mshikaji atalegeza. Moyo na pumzi vyake vinaonyesha yuko katika mfadhaiko. Tena akizinduka kwa ghafla hupiga teke kwa miguu ya nyuma, na misuli yake ina nguvu kuliko mifupa. Teke moja la hewani linaweza kuvunja uti wa mgongo. Mchezo huo uishe leo. Badala yake akae sakafuni na giligilani mkononi, amwache Pamba aje mwenyewe. Ikilazimu kumbeba, mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umeshika makalio, mwili wote umeegemea kifuani mwa mbebaji, na asimshike masikio kamwe.

Gego hilo litahitaji kuangaliwa tena kwa tarehe aliyokupa daktari, hata Pamba akionekana mzima, kwa sababu jino lililowahi kupinda hupenda kupinda tena. Mpaka wakati huo, akiacha nyasi au ukisikia tena ule usagaji mzito, usiniandikie mimi kwanza. Mwone daktari, barua ije baadaye.